Korosho Kifundoni

Sikuanguka vizuri.
Anayeanguka vizuri hukalia makalio, akacheka, akapangusa koti.
Mimi nilitanguliza kiganja
kama anayemsukuma mdai mlangoni.
Barafu ya Aberdeen haisukumwi.
Alfajiri ya Januari, basi la kwanza
likanipita na taa zake zote.

Nilikaa ukingoni mwa njia nikahesabu vidole.
Vitano. Vyote vinatii.
Nikajiambia: mshipa tu umeshtuka,
jioni nitakanda kwa maji ya moto na chumvi.
Ndivyo tulivyolelewa Newala:
kinachouma kinakandwa, kinavutwa,
kinafungwa kitambaa, kinasahauliwa.

Chumba namba sita kuna Mzee Dougal Strachan.
Miaka arobaini alitibu farasi.
Sasa hajui kama amekunywa chai,
na jina langu, Somoe, hulipoteza kabla sijafungua pazia.
Lakini aliniona nikinyanyua birika kwa mkono wa kushoto.

“Lete,” akasema. “Vua pete kwanza.
Kidole kikivimba, pete hukatwa kwa msumeno.”
Nikaivua kwa sabuni.
“Sasa inua gumba, kama anayeomba lifti.”
Pakazama kibonde kati ya kano mbili,
kibonde cha kutosha chumvi ya yai moja.
Akabonyeza hapo, polepole, kwa kidole kilichozoea
wanyama wasioweza kusema wapi.
Mimi niliweza kusema.
Korido nzima ilinisikia.

“Huyu asikimbizwe,” akamwambia msimamizi.
Kisha akauliza mimi ni binti wa nani.

Hospitali walipiga picha: hakuna kitu.
Nilishaanza kuvaa koti.
Nesi Eilidh akanirudisha kitini.
“Picha haijaona, haimaanishi haupo.
Mfupa huu huficha ufa wake siku kumi, hata kumi na nne.
Tutaufunga kana kwamba umevunjika, kisha tutaupiga tena.”
Akauchora nyuma ya bahasha,
nikacheka peke yangu:
korosho.
Korosho kamili, na mgongo wake uliopinda,
imelala kifundoni mwangu tangu nizaliwe
na mimi, mtoto wa wabanguaji, sikuijua.

Akaeleza: damu ya mfupa huu haina mlango wa mbele.
Huingilia uani, ikarudi nyuma.
Ufa ukikata njia hiyo,
nusu ya ndani hufa kimyakimya,
na mwenye mkono anaendelea kupika.

Mama akapiga simu. Yupo fundi wa kuunga mifupa,
mtu wa uhakika, alimvuta Mchopa bega likarudi.
“Mama, huu hauvutwi.”
“Sasa unafanywaje?”
“Unaachwa.”
Akanyamaza muda mrefu,
nikasikia kuku wake.

Kuuacha mfupa ni kazi.
Nililala mkono juu ya mito miwili, juu ya moyo.
Nilichezesha vidole kila saa, kama mpiga kinanda bila kinanda.
Nilivichunguza kwa taa ya simu:
vikipoa kama samaki, vikigeuka buluu,
ganzi ikipanda, usingoje kupambazuke.
Nilioga na mfuko wa plastiki.
Ndani ya plasta paliwasha mahali ambapo Mungu pekee angefika.

Siku ya kumi na mbili, picha ya pili:
ufa, mwembamba kuliko unywele wa mtoto.
Eilidh hakusema “si nilikuambia.”
Alisema, “Wiki nane.”

Zilikuwa kumi na moja.
Mkono uliotoka ulikuwa wa mtu mwingine,
mwembamba, wenye magamba, unaonuka soksi.
Nilipewa mpira wa kuminya.
Nikaminya unga wa chapati badala yake;
wiki ya kwanza chapati zilikuwa ramani za nchi zisizojulikana.

Mzee Dougal hakumbuki lolote.
Kila asubuhi nampelekea chai, ananitazama mkono.
“Lete,” anasema. “Vua pete kwanza.”
Pete iko kabatini tangu Januari.
Nainua gumba hata hivyo.
Anabonyeza, anangoja nipige kelele,
sipigi,
naye anatikisa kichwa, hakuniamini,
anabonyeza tena.